Skafu ya Siku Tatu

Shangazi alipiga simu ya matroni Jumanne mchana, wakati wa githeri, na hakusalimia. Shangazi yangu husalimia hata mbuzi. Alisema tu, "Mama wa moshi ameenda, Nakiru," nami nikauliza, "Ameenda wapi?" kisha nikalisikia swali langu mwenyewe na nikatamani kulimeza. Matroni alikuwa mlangoni ananikodolea macho, anangoja utani, kwa sababu katika shule hii ya Lodwar mimi ndiye niliyeadhibiwa mara mbili kwa kuiga kikohozi cha mwalimu mkuu kwenye paredi, na mara ya tatu kwa kukiiga vizuri zaidi. Utani haukuja. Nilirudi mezani nikainusa githeri yangu, na pua ikaniambia kila kitu kama kawaida: maharagwe ya jana, mahindi ya leo, sufuria iliyosuguliwa kwa majivu, mpishi aliyekuwa na haraka. Mtu aliyenifundisha kusoma sahani namna hiyo alikuwa amekufa, na sahani bado ilikuwa inasomeka. Hilo lilinishtua kuliko habari yenyewe.

Watu wakiandika maisha yao huanza na walikozaliwa na kama mvua ilinyesha siku hiyo. Hayo naruka, mtaniwia radhi. Nataka kuandika mwaka mmoja tu, wa Kidato cha Pili, nilipokaa kwa shangazi Kakuma na kusoma shule ya kutwa, mwaka ambao mdomo wangu ulibaki wazi hadi nzi wakanizoea. Shangazi aliuza makaa, na pamoja na makaa aliuza ubani na manemane ambayo kina mama huleta kutoka milimani, utomvu mkavu wenye vumbi na nywele za mbuzi. Makaa yalikwenda kila mahali katika kambi ya wakimbizi. Utomvu ulikwenda nyumba moja tu, ya Mama Bakhita, Msudani wa Darfur, fundi wa manukato, ambaye shangazi alimwita Mama wa moshi, na Jumamosi ya kwanza nilitumwa mimi. Nyumba ilikuwa ya matofali ya udongo na mabati kama zile nyingine zote, lakini ukivuka mlango ulikuwa kama umeingia ndani ya mfuko wa koti la tajiri. Mitungi ya kioo iliyowahi kuwa ya kahawa na ya jemu ilikaa rafuni na miski, karafuu na vipande vya msandali. Kulikuwa na kinu, vyetezo viwili vya udongo, kitanda cha kamba, na pazia ambalo hakuna aliyeruhusiwa kulishika kama siku hiyo ameshika kitunguu. Nilisema "Ejok," naye akajibu "Ejok-noi," kama ajibuvyo kila mtu aliyekaa Turkana zaidi ya wiki. Kisha mdomo ukanitoka. "Mama, leo umepika bamia. Na jana alikaa hapa mtu wa ngamia."

"Nani amekuambia?"

"Kiti."

Hakucheka. Alisimama, akavuta vyetezo vyote viwili, akatia kaa la moto na punje ya ubani kila kimoja, akaniambia nifumbe macho. "Gani ya mlima? Gani ya kununua duka?" Nikamwambia. Akabadilisha, nikamwambia tena. Akaniuliza nilisomea wapi, nikasema sikusomea, ila kwetu maziwa hayamiminwi kwenye chombo kabla chombo hakijafukizwa kwa moshi wa kijiti cha moto, na tangu mdogo nilikuwa najua ni mti gani uliochomwa kabla sijaonja. Alinitazama kama mtu aliyeokota redio jangwani na imewaka. "Wewe iko na pua," akasema. "Adabu hakuna. Lakini pua iko. Jumamosi, alfajiri, kuja bila kunywa chai."

Basi nikawa mwanafunzi wa shule mbili. Ile ya pili ilikuwa kali zaidi. Mama Bakhita mwenyewe hakujipaka chochote. Alioga kwa maji matupu na alinuka kama ukuta. "Fundi ya nguo anavaa nguo saba?" aliniuliza nilipomtania. Pua ikichoka hakunusa kahawa wala ndimu, alikunja mkono akanusa ndani ya kiwiko chake, akarudi kazini. Hakumuuliza mteja anapenda nini. "Ukiuliza, atataja kitu jirani yake anapenda." Alimkalisha kitako, akampa chai, akamsikiliza akisengenya watu, na huku ananusa. Siku moja nilimwona akichanganya kwa asubuhi nzima, akafika mahali mimi ningesema basi, hapa ni peponi, naye akachukua mtungi wa miski, akausogeza karibu, akaurudisha rafuni. Nikalalamika. "Hii mama anaongea sana," akasema juu ya mteja. "Sisi tumuachie nafasi." Nilicheka hadi nikakaa chini, nikidhani ni mzaha. Mteja alipokuja, akajipaka, akaanza kuongea, nikashtuka: harufu ile ilikuwa imenyamaza palepale alipoanza yeye, na ilirudi akinyamaza.

Sasa niseme kosa langu, maana bila hilo mengine hayaeleweki. Katika rafu ya juu kulikuwa na khumra, mafuta mazito, meusi kama oili ya lori, ya karafuu, miski, msandali na vitu vingine ambavyo hata leo sivitaji. Hukaa mtungini imezibwa siku arobaini mpaka iive. Mama aliniambia nisiiguse na hakuniambia sababu, na mtu kama mimi ukimkataza bila sababu umemtuma. Ijumaa moja nikajipaka nyuma ya masikio, nikaenda shule nikitembea kama malkia. Wasichana wa Kisudani waliokuwa mbele yangu getini waligeuka mmoja mmoja, kama waliovutwa na uzi, na hakuna aliyenisalimia. Darasani, madam wa Hisabati, naye Msudani, alisimama katikati ya mlinganyo. Chaki ikaanguka.

"Nakiru," akasema polepole. "Umeolewa lini?"

"Jana jioni, madam," nikasema, kwa sababu ndivyo mdomo wangu ulivyo. Wavulana walianguka kwa kicheko. Wasichana wa Kisudani walishika mdomo, na mimi ndiye pekee niliyekuwa sijui nimesema nini. Kufikia mapumziko nilikuwa nimeolewa na mwenye duka. Kufikia saa sita nilikuwa mke wa pili wa mzee wa Lokiriama. Saa saba shangazi akaingia ofisini, mikono myeusi ya makaa, fimbo kwapani. "Yuko wapi huyo mwanamume? Ametoa ngamia wangapi, na ni nani amewapokea bila mimi?" Mama Bakhita ndiye aliyenieleza baadaye, na hakupandisha sauti. "Khumra ni ya mwanamke ameolewa. Yeye pekee. Mtu akipita nayo, amesema, hata kama mdomo amefunga. Wewe umezunguka shule yote unadanganya na shingo." Darasa zima lilicheka au lilishtuka, isipokuwa mmoja: Salwa, jirani yangu wa dawati. Salwa alilowesha kitambaa kwenye mfereji akanisugua shingo hadi ikauma. "Usichezee hiyo, Nakiru," akasema. Nikadhani ananionea wivu.

Salwa anaandika kwa mkono wa kushoto. Wino humchafua, mkono unapoufuata, kwa hiyo aliandika kila kitu kwa penseli, na asipoandika aliichomeka penseli ndani ya skafu yake, juu ya sikio la kushoto. Upande wake wa dawati ulijaa maganda ya penseli kama kiota. Alikuwa wa kwanza darasani na mimi nilikuwa wa kwanza kunakili kutoka kwake. Nilidhani namjua.

Muhula wa tatu ikaja kazi ya bibi harusi. Kwa maharusi Mama Bakhita alikuwa na utaratibu wake, na waliomtaka waliufuata au walitafuta fundi mwingine, na mwingine hakuwepo. Msichana alivaa skafu moja siku tatu bila kuifua. Shangazi wa bwana harusi aliichukua, akaifunga kwenye mfuko, akaileta bila kutaja jina. "Jina linaziba pua," Mama alisema. "Ukisikia mtoto ya fulani, unanusa baba yake." Khumra ilitengenezwa kufuata skafu, na bila khumra hakuna bibi harusi, hata wanaume wamalize maneno yao yote. Jumamosi ile aliufungua mfuko, akanipa. Ulikuwa mtihani wangu, nikaanza kwa mbwembwe kama mganga wa sokoni.

"Huyu bibi harusi, mama yake anampikia uwatu. Anafua kwa sabuni ya kipande. Anakaa mahali penye chaki, labda ni mwalimu, pole kwa bwana harusi. Na hapa, juu ya sikio la kushoto, kuna mbao. Mbao kavu, tamu, na kitu cheusi cha..."

Nikairudisha skafu puani. Nilikuwa nakaa sentimita chache kutoka kwa harufu hii siku tano za wiki.

"Mama, huyu ni Salwa."

"Mimi sijui jina."

"Tunakaa dawati moja! Ana miaka kumi na tano!"

"Mimi sijui jina," akarudia. Aliichukua skafu, akaikunja taratibu kama inayoumwa. "Lakini ni mtoto. Hiyo nimejua tangu juzi."

"Na utatengeneza?"

"Nitatengeneza."

Nilitoka bila kuaga. Jumatatu nilimuuliza Salwa tukiwa kwenye foleni ya uji, na hakukana. Alisema ni mwenye malori, umri wa mwalimu mkuu wetu, mkarimu kwa watu, na baba na wajomba walikuwa wamekubali. Mama yake alilia siku mbili, kisha akaacha. Mtihani wa kufunga muhula ndio ungekuwa wa mwisho kwake. Sikushangaa kwamba jambo hilo lipo. Kwetu pia wasichana wawili wa darasa letu la nane waliondoka hivyo hivyo, tofauti ikiwa mifugo. Kilichonipiga ni alichosema baadaye, anapuliza uji. "Nilitaka kumwambia mtu. Nikasema nikikuambia wewe, utafanya mzaha." Nikammiminia uji wangu, nikarudi darasani bila mzaha. Ndiyo mara ya kwanza maishani mwangu.

Jumamosi nikarudi kwa Mama Bakhita na mpango, na mpango ulikuwa kwenye mfuko wa sketi: mavi ya punda, mabichi, ya alfajiri hiyo. Mtungi wa Salwa ulikuwa juu ya mkeka, wazi, na Mama ameenda nje kuchukua kaa. Nilikuwa nimeinama mkono uko njiani aliposema nyuma yangu, "Ni punda, sio?" Pua ile! Nikapiga kelele, nikamwambia yeye ni mnafiki, anahubiri ukweli na anampamba mtoto aende kuolewa. Alingoja nimalize. Alinipa maji ninawe. "Harufu mbaya," akasema, "watatukana mimi. Wataleta khumra ya duka, na harusi iko palepale. Sasa harufu ya kweli, watatukana nani?" Sikuelewa, nikamwambia sielewi. "Wewe lete meza yake," akasema. "Ile kitu iko juu ya meza yake, yote. Fagia."

Nikafagia. Jumatatu na Jumanne nilijaza mkebe maganda ya penseli, vumbi la chaki na vipande vya kifutio, huku wavulana wakiniuliza kama sasa nimeajiriwa usafi. Mama aliyaloweka maganda yale katika mafuta, mahali ambapo msandali ungekaa. Alitia uwatu, alitia ubani wa mlimani uliosagwa laini hadi ukawa kama vumbi la njia ya shule. Miski hakutia. Karafuu hakutia. Kila mara nilipodhani anaongeza, alikuwa anatoa, na kila alipotoa Salwa alizidi kusogea, mpaka nikageuka kutazama mlango. Nilikuwa nimemwona mwanamke mzima akimtengeneza mtu kwa maganda ya penseli.

Siku ya kuonja harufu wanawake wa pande zote mbili walikusanyika kwake baada ya sala ya alasiri. Kulikuwa na kisra, ule mkate mwembamba wao, na mchuzi wa bamia kavu, na chai ya tangawizi yenye sukari ya kuvunja meno. Nilikuwa naimimina mimi, na Kiarabu changu cha Kakuma kilitosha kufuata. Walizungumza juu ya malori: moja limekwama Kainuk, jingine linapakwa rangi ya kijani kwa ajili ya harusi. Shangazi wa bwana harusi alisifu ukimya wa msichana. "Hana maneno mengi," alisema, nami nikakumbuka Salwa alivyomrekebisha mwalimu wa Kemia mbele ya darasa zima, nikamwaga chai. Kisha mtungi ukafunguliwa, ukaanza na shangazi huyo. Alinusa akiwa anatabasamu. Tabasamu likabaki usoni bila mwenyewe. Akampa aliye karibu, naye akanusa, akamtazama mwenzake. Maneno yakakatika chumbani kama umeme wa Kakuma. Mtungi ulizunguka kina mama wote mpaka ukamfikia mama yake Salwa, mwanamke mdogo aliyekaa karibu na mlango na ambaye hakuwa amegusa chakula. Aliinama juu yake. Hakuinuka.

"Hii ni saa kumi," akasema ndani ya mtungi. "Hii ni saa kumi. Ni mwanangu anaingia kutoka shule."

"Hii si khumra!" shangazi wa bwana harusi akasema, akisimama. "Fundi, umetuchezea?"

"Skafu umeleta wewe," Mama Bakhita akasema. "Kuna kitu hapa hakimo kwenye skafu? Nuseni." Akaweka skafu katikati ya mkeka. Hakuna aliyeinyanyua. Kisha akachukua mtungi, akaufunika, akaanza kuuziba kwa nta, polepole, kama mtu aliye peke yake chumbani. "Nyingine huiva siku arobaini. Hii haijaiva. Nimefanya kazi hii miaka yote, sijaona mbichi hivi. Itakaa mpaka amalize Kidato cha Nne."

Nilishika birika nikingoja mbingu ianguke. Macho yote yalikwenda kwa bibi mzaa baba wa bwana harusi, haboba wao, ajuza aliyekuwa kitandani amefumba macho hivi kwamba nilidhani amelala tangu kisra. Huyo ndiye ambaye mwenye malori alimsikiliza. Alinyosha mkono, akaletewa mtungi, akanusa pembeni mwa nta pale palipokuwa bado laini. Alikaa nao. Sijui alikuwa amekwenda wapi, lakini alichukua muda kurudi. "Wanaume wanajua kuiva kwa khumra?" akauliza hewa. "Fundi amesema." Akaomba chai.

Ndivyo Salwa alivyorudi dawatini. Wanaume walinung'unika, lakini hakuna hata mmoja aliyejua la kusema kuhusu khumra, na aibu ya kumleta bibi harusi bila khumra ilikuwa kubwa kuliko haraka yao. Mama Bakhita alilipia: miezi mingi wenye harusi walimpita mlangoni bila kuingia. Sikumwona akijutia. Nilipohamia shule ya Lodwar, na Salwa akaja mwaka uliofuata kwa ufadhili, Mama alikuwa bado ananiita alfajiri kila likizo, bila chai.

Jumamosi tulipewa ruhusa, mimi na Salwa, kwenda kutoa pole. Chumba kilikuwa kimejaa wanawake, na mitungi ilikuwa rafuni kama alivyoiacha. Shangazi yangu alikuwa nje anapepea makaa ya chai ya watu, bure, analia na kuwagombeza. Nilikuwa nimekaa kwenye mkeka nikijitahidi kutokuinusa ile harufu ya ukuta kwenye shuka za Mama, haboba aliponishika mkono. Alikuwa amezeeka hadi akawa mwepesi. Kwenye mapaja yake kulikuwa na ule mtungi uliozibwa kwa nta.

"Mjukuu wangu bado anangoja," akasema. "Mtihani wenu wa Kidato cha Nne ni mwezi ujao. Fundi amekufa, na wewe ndiye pua yake. Imeiva?"

Nilimtafuta Salwa kwa macho. Alikuwa karibu na birika, ameganda, kikombe mkononi. Nilijua neno la kusema. Bado. Neno moja tu, na nimekuwa mwongo stadi tangu utotoni, wala hakuna mtu Kakuma nzima angeweza kunipinga. Nikavunja nta, nikanusa, na nikashtuka hadi machozi yakanitoka mbele ya watu: ilikuwa imeiva. Penseli ilikuwa imelainika ikawa mbao ya kale, uwatu umekuwa asali nyeusi, ubani umekaa chini ukishikilia kila kitu. Ilikuwa khumra nzuri kuliko zote nilizowahi kunusa. Nikakunja mkono nikanusa kiwiko changu, nikarudia. Iliniambia yaleyale.

"Imeiva, haboba," nikasema. Kikombe cha Salwa kiligonga sahani. "Imeiva kabisa. Lakini ni ya msichana wa miaka kumi na tano, na huyo hayupo tena. Kumpaka Salwa hii ni kumvisha nguo ya mtu mwingine. Bibi harusi anataka khumra mpya, na khumra mpya inataka skafu mpya."

Shangazi wa bwana harusi akawa tayari ameinuka. "Basi nitaichukua leo—"

"Kwa Mama Bakhita uliileta wewe," nikasema. "Kwangu italetwa na mwenye kichwa kilichoivaa. Siku atakayotaka. Asipotaka, sitengenezi."

Haboba alinitazama, akitafuta utani usoni pangu, kwa sababu sifa zangu zilikuwa zimemfikia hata yeye.

"Unatania?"

"Sitanii, haboba."

Chumba chote kikamgeukia Salwa. Aliweka kikombe chini, akainua mikono miwili hadi shingoni, na akalikaza fundo la skafu yake.